Mto Nyuma ya Ukuta

Hotuba kwa Waswahili wa London ya Kusini, wiki moja kabla ya siku ya kusafisha Mto Wandle

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele, habari za mchana. Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu Mto Wandle na amenipa nusu saa. Nashukuru sana. Nina miaka mingi nautembea mto huu, na hii ndiyo mara ya kwanza naombwa niuzungumzie kwa Kiswahili. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema.

Nianze na swali. Nani hapa anaweza kunionyesha kwa kidole Wandle uko upande gani?

Naona mikono minne. Basi sikilizeni. Tupo Colliers Wood. Ukitoka mlango ule, hata chai haijapoa utakuwa umefika ukingoni. Wengi wenu mnapita juu yake kila siku ndani ya basi.

Siwalaumu, maana mimi mwenyewe niliishi Earlsfield mwaka mzima nikidhani ule ni mtaro wa majitaka. Niliujua kwa bahati. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kule Hackbridge, na asubuhi moja ya Januari nikatoka kazini saa kumi na mbili, giza bado, baridi ya kuuma masikio. Nikaona mvuke unapanda nyuma ya ukuta wa matofali, kama kuna mtu anapika huko. Nikadhani bomba limepasuka. Kulikuwa na tofali limeng'oka, nikainama nikachungulia. Nikaona maji yanakwenda mbio, safi hata nikahesabu mawe chini yake, na katikati amesimama korongo wa kijivu, mguu mmoja, ananitazama. Nilikaa pale mpaka basi likanipita.

Baadaye nikajifunza mvuke ule ulitoka wapi. Maji ya chemchemi za Wandle yanatoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 10 au 11, kiangazi na kipupwe. Mwezi wa saba ukitia mkono utasema ni ya barafu. Januari, hewa ikiwa chini ya sifuri, maji yale yale yanafuka moshi. Mto haujabadilika, ni sisi tuliobadilishiwa hewa.

Sasa twendeni nao tangu mwanzo.

Kusini ya hapa kuna vilima viitwavyo North Downs. Vimeumbwa kwa chaki, jiwe jeupe laini lenye jina moja na chaki ya ubaoni shuleni, nalo ni maganda ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa na kutulia chini ya bahari miaka zaidi ya milioni 70 iliyopita. Sisi wa pwani hili halitushangazi. Tumejenga nyumba kwa mawe ya matumbawe na tumechota maji kwenye visima vilivyochimbwa ndani yake. Chaki nayo inakunywa maji. Mvua ikinyesha juu ya vilima vile huoni vijito vikishuka. Maji yanazama, yanachujwa polepole kwenye nyufa, yanakaa humo miezi mingi, mpaka yakutane na udongo mzito usiopitisha maji. Hapo hayana pa kwenda ila juu. Mstari ule chaki inapoishia ndipo zilipo chemchemi, na ndipo ilipo Croydon, na ndipo ilipo Carshalton. Watu walikuja kufuata maji, miji ikafuata watu.

Mito ya namna hii, ya chaki, ni michache mno duniani, kama 200 na kitu, na sehemu kubwa iko hapa Uingereza. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria Hampshire, mashamba na matajiri wanaovua kwa ada kubwa. Huu wa kwetu ni wa ukoo huo huo, ila unapita nyuma ya karakana za magari na maduka ya mazulia.

Wandle ni mfupi. Kutoka chemchemi mpaka Thames ni kilomita 14 hivi. Mtu mwenye miguu mizuri anaumaliza kwa siku moja, nami nimefanya hivyo mara nyingi na kibegi cha chapati. Lakini katika mwendo huo mfupi unashuka zaidi ya mita 30. Likumbukeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililoufanya mto huu uwe mtumwa.

Una matawi mawili. La Croydon lilizikwa. Mji ulivyokua maji yakatiwa kwenye mabomba, na kwenye bustani ile inayoitwa kwa jina la mto, Wandle Park, miaka ya 1960 mto ukafunikwa kabisa, watoto wakacheza mpira juu yake bila kujua. Mwaka 2012 wakaufukua. Wakachimba mkondo mpya, wakaweka kokoto na kupanda majani kandoni, na leo mabata wanazaa pale. Ukienda Croydon kwa tramu, shuka kituo cha Wandle Park uone mto uliotolewa kaburini. Kutoka hapo unapita mabwawa ya Waddon na kuingia bustani ya Beddington yenye madaraja ya mawe na mierebi iliyoinamia maji.

Tawi la Carshalton ni zuri zaidi, nalisema bila kuficha upendeleo. Pale katikati ya kijiji, chini ya kanisa, kuna mabwawa mawili mapana na barabara imepita kati yake. Chemchemi zake zilimvuta mwandishi John Ruskin, ambaye mama yake alizaliwa Croydon na yeye aliyajua maji haya tangu utotoni. Miaka ya 1860 alirudi akakuta watu wanatupa takataka na uchafu wa majumbani kwenye maji yale, akaumia, akaandika kwa hasira. Mama yake alipofariki mwaka 1871 alilipa gharama ya kusafisha dimbwi moja, likapewa jina la mama: Margaret. Bamba lake la jiwe bado lipo. Mtoto kumkumbuka mama yake kwa kusafisha chemchemi! Sijui kumbukumbu gani inayozidi hiyo.

Siku hizi ukame ukizidi, chemchemi za Carshalton zinakauka, kwa sababu maji ya ndani ya chaki ndiyo yanayovutwa kwenda kwenye mabomba ya nyumbani kwetu. Kuna pampu inayoyavuta maji kutoka chini kidogo na kuyarudisha juu ili mabwawa yasibaki matope. Kila unapofungua bomba la jikoni kule Sutton, ujue umekunywa Wandle kabla haujazaliwa.

Matawi yanakutana Hackbridge, penye kisiwa kidogo cha miti kilichoachiwa ndege na vipepeo. Baada ya hapo mto unapokea maji ya kituo cha kusafisha majitaka, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya mto ni maji yaliyopita kwetu sote. Sitakaa hapo sana, nitaparudia.

Mitcham mtu alikuwa anaujua mji kwa pua kabla ya macho, maana mashamba yake yalikuwa ya lavenda na mnanaa. Halafu Morden Hall, na hapo naomba wazee wanisikilize vizuri, kwa sababu pale mto ulikuwa unasaga ugoro. Ndiyo, ugoro huu huu. Vinu viwili vinatazamana, mto umepita katikati, gurudumu la maji linazungusha mawe, tumbaku inasagwa mpaka inakuwa vumbi. Kazi iliendelea hadi mwaka 1922, na mawe ya kusagia bado yapo, mtoto anaweza kuyapanda. Mwenye shamba alipokufa aliacha eneo lote kwa wananchi. Leo, hatua chache kutoka vinuni, kuna skrubu kubwa ya chuma inayozungushwa na maji yale yale kutoa umeme. Mto umebadilishiwa kazi tu.

Kwa nini vinu? Turudi kwenye mita 30. Thames hapa London karibu haina mteremko; ni maji ya kupwa na kujaa, yanakwenda na kurudi. Wandle unashuka siku zote, na kwa kuwa unalishwa na chaki haukauki upesi wala hauji na mafuriko ya kubomoa. Fundi wa kinu hana ombi zaidi ya hilo. Daftari la mfalme la mwaka 1086 tayari linahesabu vinu zaidi ya kumi kwenye maji haya. Kufika karne ya 19 vilikuwa makumi kwa makumi: vya unga, vya shaba, vya baruti, vya ngozi, vya karatasi, vya mafuta, vya kupausha na kuchapa vitambaa. Watu wakasema kwa ukubwa wake hakuna mto duniani unaofanyishwa kazi kama huu. Kila mwenye kinu alijenga kizuizi kukusanya maji yake, na aliye chini yake naye akajenga chake, mpaka mto ukawa ngazi: bwawa, maporomoko, bwawa, maporomoko, hadi Wandsworth, unapoingia Thames.

Nitawapa mfano mmoja wa nguvu ya wenye vinu. Mwishoni mwa karne ya 18 palitakiwa njia ya kusafirisha mizigo kati ya Wandsworth na Croydon. Wakapendekeza mfereji wa mashua. Ukakataliwa, kwa sababu mfereji ungeyanywa maji ya vinu. Wakajenga reli badala yake. Mwaka 1803, kabla garimoshi la abiria halijajulikana popote, farasi walikuwa wanavuta mabehewa juu ya reli za chuma kando ya Wandle, na mtu yeyote mwenye mzigo aliruhusiwa kuitumia kwa malipo. Mnaopanda tramu ya Mitcham, mnapita sehemu ya njia ile. Reli ile ilizaliwa kwa sababu ya kijito.

Sasa tumefika hapa tulipo, Merton. Hapa palikuwa na nyumba kubwa ya watawa tangu karne ya 12; Thomas Becket, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, alisoma kwao akiwa kijana. Mfalme Henry VIII aliivunja mwaka 1538 na mawe yakabebwa kwenda kumjengea jumba la kifahari. Msingi wa ukumbi wao uko chini ya barabara kuu, kando ya supamaketi. Magari yanapita juu. Na Nelson, yule amiri wa jeshi la majini la Uingereza, alikuwa na nyumba hapa kuanzia 1801, na mkono wa Wandle uliopita bustanini mwake waliuita Nile, kwa kukumbuka vita aliyoshinda kwenye mlango wa mto ule mwaka 1798. Ndugu zangu wa Jinja mnacheka, na nawaelewa. Aliondoka nyumbani hapo Septemba 1805 kwenda vitani Trafalgar, hakurudi.

Lakini mtu wa Merton ninayempenda mimi ni William Morris, na dada zangu na mama zangu nadhani mtanielewa kuliko wanaume. Morris alikuwa fundi wa vitambaa. Mwaka 1881 alitafuta mahali penye maji yanayofaa kutia rangi, akayaona ya Wandle, akahamia na mafundi wake. Rangi iliyomsumbua miaka mingi ilikuwa nili. Bibi zetu walivaa kaniki, wanaijua nili. Kitambaa unakichovya kwenye pipa, kinatoka kikiwa na rangi ya majani mabichi, kimanjano, unadhani kazi imeharibika. Unakiinua. Hewa inakigusa. Mbele ya macho yako kijani kinaondoka kama kivuli, buluu inaingia, kuanzia kwenye mikunjo, inasambaa. Morris aliingiza mikono mwenyewe mpaka ikabaki buluu. Kisha alichapa kwa vibao vya mbao dawa ya kuondoa rangi, ili maua yatoke meupe juu ya buluu, vitambaa vikasuuzwa kwa maji ya mto huu na kutandazwa majanini kando yake, jua liyapaushe meupe. Halafu nyekundu, halafu njano. Mwaka 1884 alichora kitambaa kimoja kikubwa cha maua yanayopanda kwenye mistari ya mshazari, vibao vingi, kazi ghali, akakipa jina la Wandle, kwa kuushukuru mto kwa kazi uliyomfanyia.

Mkitaka kuona sura ya mahali pale, viwanda vya jirani yake, vilivyochukuliwa na kampuni ya Liberty mwaka 1904, bado vimesimama, mwendo mfupi kutoka hapa. Gurudumu la maji lipo na linazunguka. Simama karibu nalo, usikie mbao zinavyolalamika.

Kutoka Colliers Wood kwenda chini, nitasema ukweli, mto unasikitisha. Kuta pande zote, nguzo za umeme, migongo ya maghala. Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo ndilo lililonileta mbele yenu. Tazameni majengo ya kando ya Wandle, myasome kama maandishi. Ya zamani, ya wenye vinu, yana madirisha na milango upande wa maji, kwa sababu riziki ilitoka huko. Kinu kiliposhindwa na makaa ya mawe na baadaye umeme, mto ukawa hauna tena faida ya kuutazama. Wakageuza nyumba. Mlango ukaenda barabarani, na upande wa maji ukabaki ukuta, na kwenye ukuta bomba la kutolea uchafu. Mto haukuuawa na wabaya. Uliuawa na watu wa kawaida waliokuwa hawauoni. Miaka ya 1960 wenye mamlaka walikwisha kuuhesabu kama mfereji wa majitaka. Watu wa Wandsworth wanasimulia kuwa maji yalikuwa yanatoka na rangi ya kiwanda cha siku hiyo: leo nyekundu, kesho buluu. Pale Wandsworth mjini wakajenga maduka juu yake. Ukinunua viatu kwenye maduka yale, mto uko chini ya soli zako.

Na huo mji wenyewe ndio ulioupa mto jina! Wandsworth maana yake ni boma la Wendel, mtu wa kale. Jina la mto limekatwa kutoka kwenye jina la mji. Mji ukauita mto mwanawe, kisha ukaufunika zege.

Nani aliufufua? Sheria za kuzuia uchafu zilisaidia, viwanda kufungwa kulisaidia. Lakini mnamo mwaka 2000 walitokea watu wachache waliovaa mabuti marefu, wakaingia majini kutoa takataka kwa mikono. Matoroli ya supamaketi, matairi, pikipiki, magodoro. Chama chao, Wandle Trust, kikaendelea mwezi kwa mwezi. Mwaka uliofuata wakaanza kuwapa shule mayai ya samaki aina ya trauti. Watoto waliyalea darasani kwenye tangi lenye maji ya baridi, yakaanguliwa, vifaranga wakakua, na majira ya kuchipua watoto wenyewe wakaenda kuwaachia mtoni. Mwanangu wa pili alifanya hivyo. Alimwaga kikombe chake polepole mno, kama mtu anayemimina uji kwa mgonjwa, akaniuliza, "Baba, sasa atajuaje njia?"

Halafu Septemba 2007 kemikali ya kuulia vijidudu ikavuja kutoka kituo cha majitaka, na kwa siku moja samaki wakafa kwa maelfu, wameelea tumbo juu kilomita kadhaa. Kazi ya miaka saba. Waliokuwepo wanasema watu wazima walisimama darajani wakilia. Baada ya hapo kampuni husika ilikubali kutoa fedha za kuurejesha mto, na kazi ikaanza upya: kushusha vile vizuizi vya zamani, kuweka njia za samaki kupanda, kumwaga kokoto. Kokoto si mapambo. Trauti jike anachimba shimo kwenye changarawe safi wakati wa baridi, anataga, anafukia. Maji lazima yapite katikati ya mawe ili mayai yapumue. Tope likiziba, mayai yanakufa. Kila kizuizi cha kinu kilikuwa kinalaza maji, na maji yaliyolala yanaangusha tope. Kwa hiyo kuondoa ukuta mmoja wa matofali ni sawa na kufungua wodi ya uzazi.

Na leo trauti wanazaliana Wandle bila msaada wa tangi la mtu.

Nitawaonyesha kitu kidogo. Jumapili ijayo tukiingia majini kule Ravensbury, nitageuza jiwe moja la gumegume. Chini yake mtaona kijiti kilichonata, urefu wa ukucha wangu. Msikitupe. Kiwekeni kiganjani chenye maji, msubiri. Kitatoa kichwa cheusi na miguu sita. Ni funza wa mdudu arukaye, aliyejijengea nyumba kwa punje za mchanga na vipande vya ganda, kila punje imechaguliwa, imepakwa uzi kama wa buibui na kubandikwa mahali pake. Maji yakichafuka yeye huwa wa mwanzo kuondoka. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye kiganja changu, nikiwa nimesimama mita kumi kutoka kituo cha basi, sikuweza kuongea.

Sasa la mwisho, na hili ni la jikoni kwetu. Huku tunakoishi, mtaro wa barabarani si mtaro wa majitaka. Kile kichuma chenye matundu ukingoni mwa lami kinakwenda moja kwa moja mtoni, bila kusafishwa. Mafuta ya kukaangia maandazi yakimwagwa pale usiku, asubuhi yako kwa yule funza. Na wenye nyumba, mwiteni fundi atazame bomba la mashine ya kufulia limeunganishwa wapi. Ziko nyumba nyingi zilizounganishwa kwenye bomba la mvua kwa makosa, wenyewe hawajui, na kila wakifua, povu linakwenda Wandle.

Jumapili tunakutana saa tano asubuhi, hapo kwenye gurudumu la maji. Mabuti yapo kuanzia saizi ya watoto wa darasa la tano. Walio wadogo zaidi watakaa ukingoni na kuhesabu vitu vinavyotoka. Glavu zipo. Leteni soksi nene na nguo za kubadilisha. Mama wa Mitcham ameahidi chai ya tangawizi. Na yule aliyeuliza kabla hatujaanza kama kuna mamba: hakuna, mwanangu. Kuna korongo.